Sifuri Moja Ilitugombanisha Nyumbani

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna pikipiki inayoleta chumvi na karo, nakuomba uketi nami kidogo. Ninalo jambo la kukueleza ambalo limenigharimu fedha, na lilikaribia kunigharimu mtoto wa marehemu dada yangu. Silielezi kwa kujisifu, maana mkosaji katika habari hii ni mimi mwenyewe.

Mimi ni karani wa ghala. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeishi mjini Bukoba, nyumba yangu ipo Hamugembe, na kazi yangu imekuwa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Mtu wa kazi hiyo huzoea kuamini kilichoandikwa. Karatasi ikisema magunia 40, naye akahesabu 39, humtafuta mwizi kabla ya kutafuta kosa la kalamu. Tabia hiyo yafaa ghalani. Nyumbani ilinitia aibuni.

Mwaka 2018 nilinunua pikipiki mpya ya Kichina. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa amemaliza shule na hana kazi, anaishi na mama yangu mzazi huko Kamachumu, wilaya ya Muleba. Tulipatana kwamba ataiendesha kati ya Muhutwe, iliyo kando ya barabara kuu ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, na Kamachumu kule juu mlimani. Kila Jumamosi angeniletea hesabu. Katika hesabu hiyo ilitoka karo ya binti yangu na dawa za mama za shinikizo la damu. Tena tuliandikiana kwamba baada ya mwaka mmoja na nusu, akiwa mwaminifu, pikipiki itakuwa mali yake. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na tumaini lake juu ya magurudumu yale mawili.

Pamoja na pikipiki tulipewa kitabu cha maelekezo. Kilikuwa chembamba, upande mmoja Kichina na upande mwingine Kiingereza cha kubahatisha. Picha ya jalada ilionyesha pikipiki yenye breki ya sahani mbele, ambapo yetu ilikuwa na breki ya ngoma. Ukurasa mmoja ulisema injini hunywa oili lita 1, na kurasa chache mbele tukaambiwa lita 1.2. Mambo hayo yalipaswa kunishtua, lakini sikushtuka. Nilikifunga kitabu kwa karatasi ya nailoni, nikakiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Baada ya miezi michache injini ilianza kutoa mlio juu, tik-tik-tik, kama cherehani ya mtu mwenye haraka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, na kitabu mkononi. Akaomba nimsomee kipimo cha nafasi ya vali, yaani ule uwazi mdogo unaoachwa kati ya ncha ya vali na chuma kinachoisukuma. Nikasoma: milimita 0.8. Fundi akacheka hata akaweka spana chini. Akasema, "Mzee, uwazi huo mjusi anapita. Hiki kitabu ni cha uongo."

Alisema kweli. Karatasi moja ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hiyo kitabu kilitutaka tuache nafasi ya karatasi 8 mahali ambapo injini ya namna ile huhitaji milimita 0.08, pungufu hata ya karatasi moja. Mpiga chapa aliangusha sifuri moja, nayo ikaangukia kwetu.

Sasa, ndugu msomaji, tazama jinsi kosa moja linavyozaa jingine. Tulipogundua kwamba kitabu kimesema uongo mahali hapo, hatukutafuta kipimo cha kweli. Tuliona kwamba vipimo vyote ni upuuzi, na fundi akarekebisha vali kwa sikio. Akanihoji, "Unataka inyamaze?" Nikajibu kwamba nataka inyamaze kabisa, maana naona haya pikipiki mpya kulia kama debe. Akakaza kidogo, akasikiliza, akakaza tena. Injini ikatulia kama paka aliyeshiba. Nilimlipa na kumwongezea fedha ya soda.

Wiki ya pili mpwa wangu akanipigia simu. "Waitu Mjomba, tangu inyamaze haina nguvu." Nikamwambia pikipiki haisemi uongo, waongo ni madereva. Wiki ya tatu akasema kwamba asubuhi inawaka kwa teke moja, lakini ikishapata moto inakataa mpaka ipumzike. Akaongeza kwamba ule mlima wa kutoka Muhutwe, ambao zamani aliupanda na abiria na mkungu wa ndizi, sasa abiria hushuka na kutembea. Hesabu ikapungua. Jumamosi moja ikaja nusu, Jumamosi nyingine haikuja.

Nami nikafanya alivyofanya karani siku zote: nikahesabu. Nilipiga hesabu ya petroli na safari, nikaona hazilingani. Hapana shaka, nikasema, kijana ananiibia mafuta, au anaipakia kupita kiasi. Sikukumbuka kwamba injini iliyopoteza nguvu hula mafuta mengi kwa mwendo mdogo. Nilikuwa nimekwisha mpata mwizi wangu, na mtu aliyekwisha mpata mwizi haulizi tena.

Nilipanda Kamachumu mwenyewe. Ilikuwa Novemba, majira ya senene, na jioni ile mama alikuwa ameketi akiwanyonyoa mabawa, jirani wawili wakimsaidia. Sikungoja jirani waondoke. Nilimwita kijana na kumwambia mbele yao maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mkekani mbele ya mama, akasema, "Mjomba, mali yako hii. Mimi nitakwenda Mwanza kutafuta kibarua." Mama hakusema neno. Alisukuma sinia la senene pembeni, akaingia ndani.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini asubuhi yake bado nilikuwa na hakika. Jirani mmoja alishauri kwamba labda ringi za pistoni zimekwisha. Ubavuni mwa pikipiki palibandikwa namba 150, na kitabu pia kilisema cc 150. Nikarudi Bukoba na kununua ringi za 150. Nikashuka nazo hadi Muleba mjini kwa mzee mmoja fundi aliyesifiwa na madereva wa basi, mtu ambaye ujanani mwake alitengeneza pikipiki za Kijapani za mabwana shamba.

Mzee yule hakuzipokea ringi zangu. Aliniuliza kwanza, "Nani anaiendesha?" Nikamjibu kwamba ni mpwa wangu. "Yuko wapi?" Nikasema hayupo, tumetofautiana. Akanitazama, akasema, "Daktari hatibu mtoto bila mama yake kueleza alivyolala. Mlete dereva."

Nilijiona mdogo, lakini nilipiga simu. Kijana alikuja, kwa kumheshimu bibi yake zaidi kuliko kunitii mimi. Mzee akamketisha kwenye tairi bovu, akamhoji kwa upole. Ilianza lini? Inapokuwa baridi inakuwaje, na ikipata moto je? Inakohoa kwenye bomba la moshi? Kijana alieleza kila kitu kwa utaratibu, na mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari aliyoitazamia. Kisha akasema, "Ringi hazina kosa. Vali ya moshi imeungua. Nani aliinyamazisha injini?"

Alipokifungua kichwa cha injini tulishuhudia wenyewe. Vali ya kutolea moshi ililiwa ukingoni, mahali pa upana wa punje ya mchele. Mzee akanipa maelezo ambayo nakupa wewe kwa maneno yangu. Chuma kikipata moto hurefuka. Vali ya moshi ndiyo inayochomwa zaidi, nayo hupoa inapokalia kiti chake na kukipa joto lake. Ule uwazi mdogo huachwa ili vali irefuke bila kuzuiwa kukaa. Ukiumaliza uwazi kwa kukaza, vali ikipata moto haifungi sawasawa. Moto hupenya pembeni mwake kwa kila mlipuko na kuila kidogo kidogo. Mgandamizo hupungua, nguvu hupotea, na injini ikiwa ya moto haiwaki. Ule mlio mwembamba nilioutaka uondoke ulikuwa ishara kwamba vali inapumua. Ungezidi sana, ungekuwa ugonjwa. Ulipokoma kabisa ulikuwa ugonjwa mkubwa zaidi.

Na zile ringi? Mzee alichukua kalipa na kupima silinda: milimita 56.5. Akaniambia nipige hesabu, maadam mimi ni mtu wa hesabu. Mwendo wa pistoni katika injini ile ni milimita 49.5. Silinda ya upana wa 56.5 hutoa cc 124 na kidogo. Ili ifike karibu cc 150 kwa mwendo uleule, yapasa upana uwe milimita 62. Basi mnyama wangu wa 150 alikuwa 125 aliyevalishwa koti la kaka yake. Ringi nilizonunua zisingeingia hata kwa nyundo. Nilikuwa nimedanganywa na karatasi ya kubandika, mimi ambaye hulipwa mshahara kwa kukagua karatasi.

Huenda utauliza, mzee alikijuaje kipimo cha kweli na kitabu kimekosea? Jibu lake lina historia ndani yake. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbovu na matengenezo ni ya shida. Badala ya cheni ndefu ya kuendesha vali juu ya silinda, walitumia vijiti vya chuma vinavyosukuma vali kutoka chini, jambo linalopunguza matunzo. Mchoro ule ulisambaa duniani. Viwanda vingi vya China vilitengeneza injini zinazofuata ubunifu huo, na nyingi kati ya pikipiki zinazopita Rwamishenye na Kemondo leo, ziwe na jina gani kwenye tangi, ni wajukuu wa injini ile. Mzee alipoviona vile vijiti, aliijua nasaba. Kipimo cha babu, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili.

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifunza. Alisema nasaba haitoshi, kwa kuwa wajukuu hawafanani wote. Kiwanda kinaweza kununua kabureta kwa huyu leo na kwa yule kesho, na kitabu kikabaki kilekile. Kitabu huandikwa kwa pikipiki moja na kutiwa katika maboksi ya nyingine. Kisha hutafsiriwa na mtu asiyewahi kushika spana. Spea nazo huja nyingine kwa njia ya Dar es Salaam, nyingine kutoka Uganda kupitia Mutukula, na kifaa kimoja hupata majina matatu njiani. Siku hizi kijana hufungua simu akamwona fundi wa nchi ya mbali akirekebisha injini inayofanana na yake kwa nje, kumbe ile huendesha vali kwa cheni na kipimo chake ni kingine. Kwa sababu hiyo, alisema mzee, kila namba lazima uiulize: nani alikupima, kwenye injini ipi, na kwa kifaa gani? Isipojibu, uipime mwenyewe.

Alitoa daftari la shule lililochakaa kwa oili. Humo kila pikipiki aliyoitengeneza ilikuwa na ukurasa wake: namba ya injini, upana wa silinda, nafasi ya vali, oili iliyoingia, tarehe, na malalamiko ya dereva kwa maneno yake mwenyewe. Nilipolishika daftari lile niliona haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa nimeandika fedha zote zilizotoka kwenye pikipiki, wala sikuandika hata mstari mmoja juu ya pikipiki yenyewe.

Mzee aliweka vali mpya na kuisaga kwenye kiti chake. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, alimwita kijana, si mimi, amfundishe. Alimwonyesha kuzungusha injini mpaka alama ya T ikae mahali pake, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefungwa. Ukikuta vyuma vyake vimebana, zungusha mzunguko mmoja kamili upime tena. Kisha ingiza ule ubapa mwembamba wa kupimia wa 0.08: upite kwa kukwaruza kidogo, usilegee wala usikwame. Shika skrubu, kaza nati yake, halafu pima mara nyingine, kwa kuwa nati ikikazwa hubadili kipimo. Kwa oili, alisema, mwamuzi ni kile kijiti cha kupimia: simamisha pikipiki mahali pa sawa, kifute, kikalishe bila kukikaza, usome. Lita 1 na lita 1.2 za kitabu zote zikanyamaza mbele ya kijiti.

Pikipiki ilipowaka ilitoa mlio wake, tik-tik, mdogo, wa kawaida. Mpwa wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa nafikiri juu ya neno moja: tangu inyamaze haina nguvu. Katika mambo yote tuliyoambiwa na kitabu, na karatasi ya ubavuni, na fundi wa mjini, na jirani, habari iliyokuwa sahihi kuliko zote ilikuwa ile ya kijana aliyekaa juu ya injini kutwa nzima. Niliipata bure, kwa simu, katika wiki ya pili, nami niliitupa kwa kuwa haikupigwa chapa.

Tulipanda Kamachumu pamoja siku ile ile. Niliwaomba mama awaite wale jirani wawili, maana kosa lililotendwa hadharani haliombewi radhi chumbani. Nikasimama mbele yao nikamwomba kijana msamaha. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Haya, sasa kuleni." Kwa mama huyo, hayo ni mengi. Ile miezi ambayo hesabu ilipungua niliihesabu kwake kana kwamba ilitimia, na mkataba ulipokwisha pikipiki ikawa yake kwa maandishi.

Ndugu msomaji, sikuambii uwachukie waliotengeneza vyombo hivi. Baba zetu walipanda baiskeli za Phoenix kutoka Shanghai, na wengi wetu tumelelewa kwa jasho la baiskeli hizo. Lakini baiskeli ulijifunza kwa kuitazama, ambapo injini huficha siri zake ndani. Anayeuza injini anauza na maelezo yake, na maelezo mabaya ni spea mbovu. Yafaa waagizaji watoe kitabu cha Kiswahili sanifu, kilichopitiwa na fundi, kinachohusu pikipiki ile ile iliyo dukani. Mwaka 2022 kilifunguliwa Burugo, jirani na mji wa Bukoba, chuo cha VETA cha Mkoa wa Kagera, kilichojengwa kwa msaada wa China. Hapo ndipo mahali pafaapo vipimo vya kweli viandikwe, vijaribiwe, na vifundishwe kwa lugha ambayo dereva wa Muhutwe anaisoma bila mkalimani.

Huku tukingoja hayo, anza na yaliyo katika uwezo wako. Nunua daftari. Andika namba ya injini yako. Unapokwenda dukani, chukua kifaa cha zamani mkononi ulinganishe, usitaje tu namba iliyobandikwa ubavuni. Usimruhusu fundi arekebishe vali injini ikiwa ya moto, wala usimwombe ainyamazishe. Na anayeiendesha, awe mwanao, mdogo wako, au kijana wa watu, mpe ukurasa wake katika daftari hilo na uandike anachosema kama anavyokisema.

Kile kitabu cha maelekezo bado ninacho. Mpwa wangu alichukua kalamu nyekundu, na mahali palipoandikwa 0.8 akaiongeza ile sifuri iliyokosekana. Chini yake akaandika tarehe, na jina lake.